Jinsi ya kuandika sehemu ya mwisho ya filamu ya slasha, muuaji afe na asirudi tena

Kama una stori ya muuaji wa barakoa ambayo ishafika sehemu ya tatu au ya nne na umeamua kwamba hii ndo ya mwisho, jamaa afe tumzike, basi kaa tuongee, manake hapa ndo pagumu kuliko pote kwenye slasha, hizi filamu za muuaji anayemaliza watu mmoja mmoja, na watu wenye hela na vifaa vya kila aina wamepakosea. Kuanzisha ni rahisi. Unatafuta nyumba iliyo peke yake, vijana sita, kisu, usiku mmoja. Kumaliza sasa, hapo ndo utajua kama ulikuwa unamjua muuaji wako au ulikuwa unakimbizana naye tu.

Waangalie wakubwa wenyewe. Friday the 13th: The Final Chapter ilitoka tarehe 13 Aprili 1984, jina lenyewe linasema ni sura ya mwisho, na tarehe 22 Machi 1985 sehemu ya tano ipo kwenye majumba ya sinema, hata mwaka haujatimia. Freddy's Dead: The Final Nightmare ya 1991 ilikuwa ndo kaburi la Freddy Krueger, muuaji wa A Nightmare on Elm Street, 1994 karudi kwa sura nyingine na 2003 tunamuona anapigana na Jason, yule muuaji wa Friday the 13th. Saw ya saba, ya mwaka 2010, ilitangazwa kuwa ya kufunga hesabu, 2017 hesabu zikafunguliwa upya. Sababu ya hela inajulikana na sitakaa sana hapo, hiyo Final Chapter iligharimu dola milioni mbili na ushee ikaingiza zaidi ya milioni 32 Marekani peke yake, na hela ya namna hiyo hakuna prodyuza anayeipa mgongo. Ila mi naamini hela ilikuta mlango uko wazi. Nyingi ya hizi filamu ziliua mwili wa muuaji zikaacha kile kilichokuwa kinamfanya aue, na mwili kwenye slasha haujawahi kuwa shida. Jason peke yake kafufuliwa na radi sehemu ya sita, sehemu ya saba kaibuliwa ziwani na binti mwenye uwezo wa kusogeza vitu kwa akili ambaye hata hakumkusudia yeye, sehemu ya nane kapigwa na waya wa umeme uliolala chini ya maji akaamka. Kwa hiyo ukimkata vipande hujamaliza kazi, umempa tu mwandishi anayekuja kazi ya kuviunga.

Anza kwa kuuliza muuaji wako anakula nini

Kabla hujaandika hata sini moja chukua karatasi uandike kwa sentensi moja tu kinachomlisha muuaji. Simaanishi anapenda silaha gani. Namaanisha kitu ambacho kikiondolewa hana tena sababu ya kunyanyuka.

Jason anakula mama yake. Kwenye filamu ya kwanza ya 1980 muuaji hata siyo yeye, ni mama yake, Pamela Voorhees, anawaua walezi wa kambi kwa sababu mwanae alizama ziwani wakati walezi wa zamani hawakuwa wanamwangalia, na mwisho mama anakatwa kichwa. Ukishajua hilo ona kinachotokea baadaye. Sehemu ya pili, 1981, binti anayeitwa Ginny amebanwa kwenye kibanda cha Jason, kichwa cha mama kiko pale kimewekwa kama madhabahu, Ginny anavaa sweta la marehemu na kuanza kuongea kwa sauti ya mama, na lile jitu linatulia, linapiga magoti. Sehemu ya nne, mtoto Tommy ananyoa nywele zake afanane na Jason alipokuwa mdogo, na lile jitu linasimama tena, linashangaa. Ni mlango uleule, wanaupitia watu wawili tofauti. Ndo maana mwisho wa sehemu ya nne mi nauheshimu hata baada ya yote yaliyofuata, silaha iliyommaliza imetoka ndani yake mwenyewe.

Sasa ulinganishe na Freddy. Freddy alichomwa na wazazi, anaishi kwenye ndoto za watoto wao, chakula chake ni woga wao. Filamu ya kwanza ya 1984 ilishajibu jinsi ya kumuua, binti anayeitwa Nancy anampa mgongo, anamwambia nachukua tena nguvu zote nilizokupa, na Freddy anayeyuka hewani. Basi, kwisha. Ila filamu haikuishia pale. Dairekta Wes Craven alitaka imalizike vizuri, prodyuza wake Robert Shaye akataka mshtuko wa kuachia mlango, ndo tukapata lile gari lenye paa la mistari ya sweta na mama kavutwa kupitia kidirisha cha mlangoni. Miaka saba baadaye inakuja hiyo ya mwisho rasmi, na wanamuua kwa kitu gani? Kwa bomu, na anayemuua ni binti yake ambaye kwenye filamu tano zilizotangulia hakuna mtu aliyewahi kumsikia. Mi hapo naumia kweli. Ni kama mtu usiyemjua anakuja msibani kudai urithi. Dakika za mwisho wakaziweka kwa 3D watu wavae miwani, lakini miwani haizibi pengo la stori.

Kwa hiyo hiyo sentensi yako moja iandike, ibandike ukutani, na kila ukifika kwenye sini ya mapambano isome. Ukishindwa kuiandika, rudi kwenye sehemu ya kwanza uangalie muuaji anafanya nini wakati haui. Anakaa wapi, anatunza nini, anarudi wapi. Jibu karibu mara zote liko hapo.

Muuaji asiye na sababu kabisa, mfano Michael Myers wa filamu za Halloween, huyo ni mtihani wa peke yake, nitamrudia.

Orodhesha madeni

Hii ni kazi ya kuchosha ila usiiruke. Angalia au soma sehemu zote zilizopita mfululizo, daftari mkononi, andika kila kitu ulichomuahidi mtazamaji na hujampa. Nani alifiwa na hatujamuona tena. Mlango gani ulifungwa na hatujajua ndani kuna nini. Nani aliona sura. Ukimaliza chagua madeni matatu au manne yenye uzito ulipe hayo, mengine achana nayo, manake ukitaka kulipa yote filamu inageuka kikao cha maelezo.

Final Chapter ina mfano mmoja mzuri wa deni lililolipwa nusu. Kuna jamaa anaitwa Rob, yuko msituni na bunduki na vipande vya magazeti, anamtafuta Jason kwa sababu dada yake Sandra aliuawa kwenye sehemu ya pili. Wazo zuri sana. Mtu wa kwanza kwenye mfululizo mzima anayekuja kwa ajili ya marehemu, kwa sababu mara zote vijana wanakufa na hakuna anayewaulizia. Halafu wanamuua kirahisi kwenye chumba cha chini huku anapiga kelele kwamba anauliwa. Mi ningempa zaidi ya hapo. Lakini angalia, vile vipande vya magazeti vimebaki, Tommy anaviona, ndo anapata kujua Jason alikuwaje utotoni. Yaani mtu kafa lakini alichokuja nacho kimefika. Hilo libebe: ukiua mhusika aliyekuja na nia, hakikisha kitu chake kinaendelea kutembea kwenye stori.

Kumrudisha mara ya mwisho

Hapa kuna kanuni moja tu na mi huwa siilegezi, usimdanganye mtazamaji kuhusu alichokiona kwa macho yake. Kama sehemu iliyopita muuaji alipigwa shoka kichwani, sehemu hii aanze na hilo jeraha. Final Chapter inaanza palepale sehemu ya tatu ilipoishia, polisi wanakusanya maiti, Jason anabebwa kwenye gari kama maiti nyingine, anapelekwa mochwari, anaamka huko. Na barakoa yake ya hoki ina alama ya lile shoka filamu nzima. Hakuna anayetueleza imekuwaje, kaamka, tumekubali, tuendelee. Dakika chache tu.

Kinyume chake ni kilichofanyika 2002 na mpaka leo sijakisamehe. Halloween H20 ya 1998 iliisha hivi: Laurie Strode, yule binti aliyemponyoka Michael kwenye filamu ya kwanza ya 1978, kaliiba gari lililobeba mwili wa Michael kwa sababu haamini kwamba kafa, gari limebiringika, Michael kabanwa katikati ya gari na mti, ananyoosha mkono, Laurie naye ananyoosha wake, karibu vidole viguse, miaka ishirini yote iko kwenye ile nafasi ndogo kati ya vidole, halafu anavuta mkono na kumkata kichwa kwa shoka. Sini imekamilika ile. Ikaja Halloween: Resurrection, mwanzoni tu tunaambiwa aliyekatwa kichwa alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa, Michael alimponda koo asiweze kuongea akamvalisha barakoa yake. Changa la macho. Wamechukua ushindi wa Laurie wakaugeuza kuwa kosa, kamuua baba wa watu, halafu wakamuua na yeye Laurie.

Ila sisi kama waandishi tujiulize walipitia tundu gani. Walipitia barakoa. Wakati wa lile shoka hakuna aliyeona sura. Kwa hiyo kwenye filamu yako ya mwisho barakoa itoke kabla ya pigo la mwisho, mtazamaji aone uso, na aliyepo hapo auone pia. Final Chapter walifanya hivyo, panga la Trish, dada yake Tommy, linaipiga barakoa inaruka, uso upo wazi ndo Tommy anakuja. Halloween Ends ya 2022 nayo Laurie anamvua Michael barakoa kwanza jikoni. Hapo huwezi kuja kesho kuniambia alikuwa mtu mwingine.

Nani anaua, na kwa kitu gani

Mtu wa kumuua asiwe mgeni na chombo cha kumuulia kisiwe kigeni. Mi hujiwekea mpaka wa kurasa ishirini za mwanzo, na kwa hesabu ya kawaida ya ukurasa mmoja dakika moja hizo ni dakika ishirini, kila kitu kitakachotumika mwishoni kiwe kishaonekana humo, tena kionekane kikifanya kazi yake ya kawaida, siyo kimewekwa mezani kamera inakikodolea macho.

Tommy Jarvis ana miaka kumi na miwili hivi, na mara ya kwanza kumuona kavaa barakoa aliyotengeneza mwenyewe. Chumba chake kimejaa vichwa vya mazimwi, anajua kubadilisha sura, huo ndo mchezo wake. Mtazamaji anacheka, mtoto mtundu, basi. Saa moja na zaidi baadaye huyo huyo mtoto yuko bafuni anajikata nywele na mkasi, anajinyoa, dada yake anapigana huko chini na muda unakwisha, na hapo unaelewa kwamba filamu ilikuwa inamuandaa tangu mwanzo. Na kuna kitu nyuma ya kamera kinanifurahisha kwenye hilo, Tom Savini aliyetengeneza mekapu na damu za filamu ya kwanza alirudi kwenye hii ya nne, chini ya dairekta Joseph Zito, kwa sababu alitaka amuue mwenyewe yule jini aliyesaidia kumzaa. Kwa hiyo ndani ya stori anayemuua Jason ni mtoto fundi wa mekapu, na nje ya stori pia ni fundi wa mekapu.

Sasa ile sini yenyewe nataka tuitazame taratibu. Tommy anashuka ngazi kanyoa kichwa, anamwita Jason kwa jina, anamwambia amkumbuke. Jason anageuka. Hasogei. Anainamisha kichwa kidogo kama mtu anayetafuta jina lililompotea. Trish anapiga, barakoa inaruka, uso unaonekana, na Trish anashindwa kuendelea kwa hofu ya kile anachokiona. Tommy anachukua panga na kumpiga nalo upande wa kichwa, linazama usoni. Jason anapiga magoti halafu anaanguka kifudifudi, na mpini wa panga unagota sakafuni, kwa hiyo kichwa kinateleza taratibu kwenye ubavu wa lile panga kikielekea chini. Wengine wote wangekata hapo. Zito hakukata, katuacha tuangalie kwa sababu tunahitaji kuamini. Halafu Tommy kakumbatiwa na dada yake, juu ya bega lake anaviona vidole vya Jason vinatikisika, anachomoka, anapiga na kupiga na kupiga anapiga kelele afe, na kamera sasa haimuangalii Jason, inamuangalia mtoto.

Ukiandika sini yako jiulize mambo matatu kutoka hapo: pigo limeonekana lote? Anayepiga kalipa nini? Na kamera imalizie kwa nani?

Wahanga wachache, ila tuwajue

Kosa la sehemu za mwisho ni kutaka kuvunja rekodi ya maiti. Punguza. Watu saba wanaojulikana wanatosha kabisa na kila mmoja mpe kitu kimoja anachokitaka usiku huo. Kwenye hiyohiyo Final Chapter kuna kijana anaitwa Jimmy, kachezwa na Crispin Glover, filamu nzima rafiki yake anamwambia hajui mapenzi, anadansi vibaya na hajali, halafu usiku anapata binti, anashuka jikoni moyo umejaa, anatafuta kizibuo cha chupa ya mvinyo, anamuita rafiki yake amuulize kiko wapi. Kizibuo kinaletwa na Jason, kinaingia mkononi. Ni kifo cha sekunde chache tu ila watu wanakikumbuka mpaka leo kwa sababu jamaa alikuwa na furaha na alikuwa anauliza swali la kawaida kabisa. Hiyo ndo fomula, swali dogo la nyumbani na jibu baya.

Na kingine, usilete muuaji mpya kwenye sehemu ya mwisho. Najua inashawishi. Halloween Ends ilimleta Corey, kijana aliyesababisha kifo cha mtoto kwa bahati mbaya na mji ukamgeuka mpaka naye akageuka, na kwa kweli kama stori ya peke yake ni nzuri, uovu unavyoambukizwa na maneno ya watu. Ila watu walikuja kumzika Michael na Michael anaonekana kidogo tu. Corey angeanza kuonekana kwenye filamu mbili zilizotangulia, ya 2018 au ya 2021, hata kwa mbali, kijana kwenye kona ya sini, tungempokea. Kama una wazo la mrithi lipande mapema au liache.

Michael, na kuua kitu kisicho na sababu

Nilisema nitarudi. Michael Myers wa 1978 hana sababu, daktari wake mwenyewe anamwita uovu mtupu, na ndo kinachotisha. 1981 wakampa sababu, wakasema Laurie ni dada yake, na hapohapo wakamchoma moto hospitali wakidhani wamemaliza, mpaka filamu ya tatu ya 1982 ikaja na stori nyingine kabisa isiyo na Michael, watazamaji wakamtaka, 1988 karudi. Mfululizo mpya ulioanza 2018 ukafuta habari ya udugu. Sasa unamuuaje mtu asiye na njaa yoyote?

Jibu la Ends mi nalikubali hata kama filamu yenyewe ina matatizo. Walihamisha swali. Michael hali kitu, ila mji wa Haddonfield unamla yeye, unaishi kwa kumuogopa, kila mtu ana stori yake ya Michael. Kwa hiyo kumuua jikoni hakutoshi. Mwili unafungwa juu ya gari, gari linapita mjini polepole, watu wanatoka nyumbani wanalifuata mpaka kwenye yadi ya vyuma chakavu, na mbele ya macho yao wote Laurie anautumbukiza kwenye mashine ya kusagia vyuma. Mazishi ya hadhara. Kama muuaji wako hana sababu, tafuta nani anamuhitaji, halafu hao ndo uwaweke washuhudie.

Sauti yake nayo lazima ife

Hii wengi hawaifikirii kabisa na kwangu ni nusu ya kazi. Muuaji wa slasha anajulikana kwa sikio kabla ya jicho. Jason ana ule mnong'ono wa ki ki ki ma ma ma alioutengeneza mtunzi wa muziki Harry Manfredini kutoka kwenye maneno ya mama, kwamba muue, mama. Michael ana pumzi. Na ukiisikiliza vizuri ile ya 1978 utaona inavyotumika, kapigwa risasi sita, kaanguka kutoka ghorofani, daktari anachungulia chini mwili haupo, halafu tunaonyeshwa vyumba vitupu, ngazi, kochi, nyumba kwa nje, na juu ya picha zote hizo pumzi inaendelea. Hakuna mtu kwenye fremu ila yupo. Filamu imetuambia kwa sauti tu kwamba hajafa.

Basi wewe fanya kinyume chake. Toka sehemu ya kwanza muuaji wako awe na sauti yake, na mwishoni sauti hiyo tuisikie inakatika, ikatike ndani ya sini na siyo kwenye muziki. Nikupe kipande nilichokiandika mimi, muuaji alikuwa mtunza bweni na alama yake ni mkungu wa funguo kiunoni, sehemu mbili nzima watu wanakimbia kwa sababu ya zile funguo:

Muuaji amelala chali. Barakoa iko mbali naye. Binti kakaa ukutani, mguu hauwezi kusimama. Kimya. Anajivuta mpaka kwenye mwili. Anafungua mkanda. Funguo zinalia. Anashtuka, anasubiri. Mwili haujasogea. Anazichukua, anatafuta mmoja, anajivuta mpaka mlangoni. Anafungua. Nje kumekucha. Anazitupa funguo nje na tunasikia zinatua majanini, mara moja tu.

Sijasema ni kubwa, ila kila aliyeisoma alielewa bila kuambiwa. Binti kazishika, kazitumia kwa kazi yake halali ya kufungua mlango, halafu kazinyamazisha. Nilipoipeleka kwa aliyekuwa anatoa hela akataka tuongeze shoti ya vidole vikitikisika, nikakataa, tukaachana, skripti bado ninayo.

Picha ya mwisho

Andika picha ya mwisho kabla ya picha ya kwanza. Kweli kabisa, iandike siku ya kwanza, kisha filamu nzima iwe safari ya kuifikia.

Final Chapter, kwa mapenzi yote niliyonayo kwake, hapa ndo ilipojikwaa. Tommy yuko hospitali, anamkumbatia dada yake, halafu anafumbua macho na kuangalia moja kwa moja kwenye kamera kwa jicho baya. Ni picha kali, ila inasema kinyume cha jina la filamu. Inasema kuna mwingine. Sehemu ya tano ikaingia kwa mlango huo huo, muuaji akawa mtu mwingine kabisa aliyevaa barakoa kama ya Jason kwa uchungu wa mwanae, mashabiki wakakasirika, mwishoni Tommy kashika kisu kavaa barakoa, na sehemu ya sita ikatupa hiyo habari yote ikachimbua kaburi la Jason mwenyewe. Jason Goes to Hell ya 1993 nayo ilijiita Ijumaa ya mwisho, halafu sekunde za mwisho glavu ya Freddy inatoka ardhini inavuta barakoa. Watu walipiga kelele za furaha ila pale pale neno mwisho likawa halina maana.

Ends ilimaliza na barakoa imelazwa mezani nyumbani kwa Laurie. Hakuna mkono. Haisogei. Mi naipenda hiyo kwa sababu inamuonyesha aliyebaki anavyoishi na kitu hicho ndani ya nyumba yake, na hilo ndo swali pekee linalobaki muuaji akishakufa, huyu aliyepona anafanya nini kesho asubuhi. Kwa hiyo picha yako ya mwisho impe yeye. Awe anafanya jambo ambalo alishindwa kulifanya sehemu zote zilizopita kwa sababu ya hofu: kulala taa imezimwa, kuacha dirisha wazi, kupokea simu ya namba asiyoijua. Jambo moja dogo, shoti moja ndefu, usiweke muziki wa kutisha chini yake hata kidogo.

Ukishamaliza rasimu mpe mtu mmoja aliyeziona sehemu zote na mmoja ambaye hajaona hata moja. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize unadhani nini kinatokea baada ya hapo. Wakianza kumzungumzia binti, atahama, ataenda kumuona mama yake, atarudi shule, iache ilivyo. Wakianza na "labda yule jamaa hakufa" wasimamishe hapohapo, waulize ni ukurasa gani uliowafanya wadhani hivyo, weka alama, nenda kaurudie kuuandika huo.